Hesabu za Chini ya Kifuu

Nimestaafu mwezi uliopita, na tayari walimu wadogo wa shule yetu wamenifuata nyumbani mara kadhaa kuniuliza nilikuwa nafanyaje na wale watoto wa darasa la kwanza. Nimechoka kueleza jambo lile lile huku chai inapoa, basi naandika. Vyeo sitavitaja, wala mishahara. Aliyepanda cheo anajua mwenyewe, na ambaye hakupanda anajua zaidi. Nitaeleza habari za kujumlisha, maana ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na habari za watu wachache walionionyesha njia.

Mimi ni mzaliwa wa Chole, kile kisiwa kidogo cha Mafia. Jina langu Tatu, na kwa mwalimu wa hesabu jina hilo lina taabu zake, kama mtakavyoona. Nilipomaliza chuo cha ualimu, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, nilipangiwa shule moja ya kaskazini, huko upande wa Kirongwe. Nilivuka mpaka Utende na sanduku langu la bati, nikapata lori lililobeba mbata, nikakaa juu ya magunia njia nzima. Nilipofika nilikuwa nanuka nazi kavu kiasi kwamba mbuzi wa mwalimu mkuu alinifuata mpaka mlangoni pa ofisi na akakataa kuondoka.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Ngonyani, mtu wa Songea, mrefu, mpole wa sauti, asiyejua kuogelea. Alikuja Mafia kwa mashua mara moja, akatapika tangu walipong'oa nanga, na kila mtu alijua kwamba atarudi kwao siku Serikali itakapojenga daraja.

"Shikamoo, mwalimu," nikamwambia.

"Marahaba. Ndiye wewe Tatu?"

"Ndiye mimi."

"Karibu. Darasa la kwanza nilikuwa nalo mimi, na kuanzia leo ni lako. Ukisikia kelele, ndilo hilo."

Ukumbi wa makuti, sakafu ya mchanga, ubao uliopauka, na watoto wamebanana kama dagaa kwenye tanga la kuanikia. Chuoni kwetu tulifundishwa kwamba hesabu huanza kwa kuimba, nami nikaimba nao. Moja na moja? Mbili! Moja na mbili? Tatu! Hapo kwenye tatu walikuwa wananionyesha mimi kwa vidole na kuangua kicheko, kisha tunaendelea. Sauti zao zilikuwa safi, zinapanda pamoja na kushuka pamoja, na wakulima waliopita na majembe walisimama kusikiliza. Mwezi haujaisha nikajiona nimefika. Nikamwalika mwalimu mkuu aje asikie.

Akaja, akasikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi. Halafu akaketi chini kwenye mchanga, akamwita mtoto mmoja aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, Kombo, akamnong'oneza, "Kombo, tatu na mbili ngapi?"

Kombo akafumba macho akaanza. "Moja na moja mbili, moja na mbili tatu, moja na tatu nne..." Aliimba kwa bidii mpaka jasho likamtoka. Alipofika kwenye tatu na moja akapotea, akarudi mwanzo, akaja tena, akapotea palepale.

Mwalimu Ngonyani akamshukuru, akamwambia akakae. Tulipotoka nje akaniuliza, "Unaonaje, anajua?"

"Anajua, ila..."

"Anajua wimbo, Mwalimu Tatu. Wimbo si kitu kibaya. Lakini hebu nikuulize. Mtu akitaka kwenda Kirongwe, njia utamwelekeza vipi kama hujui yuko Kilindoni au yuko Utende? Wewe umewachukua wote kana kwamba wako mahali pamoja. Kabla hujafundisha, uliza kwanza mtoto yuko wapi. Ukishafundisha, uliza tena amefika wapi. Katikati hapo ndipo pana kazi yako. Kwingine kote ni kelele."

Sikulala vizuri, maana nilikuwa kijana na nilipenda makofi. Lakini kesho yake nikamwomba anionyeshe.

Vifaa vyake vilikuwa mkeka mdogo, kifuu cha nazi kilichosuguliwa kikang'aa, na vitu vya kuhesabia. Unamwita mtoto mmoja, peke yake, pembeni mbali na wenziwe. Unaweka vitu vitatu mkekani, mnahesabu pamoja, kisha unavifunika kwa kifuu. Unaweka viwili vingine nje. Unauliza, "Vyote pamoja vingapi?" Basi. Hakuna kingine. Unanyamaza, na kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kwa mwalimu.

Wapo watakaovitazama vile viwili vya nje na kukwambia viwili, kwa sababu kilichofunikwa kwao kimekwenda zake. Wapo watakaofunua kifuu wavihesabu vyote kuanzia moja. Wapo wasiofunua, lakini watagonga mgongo wa kifuu kwa kidole, moja, mbili, tatu, kana kwamba wanaviona ndani, halafu waendelee na vya nje. Na wapo watakaosema "tatu" moyoni, kisha "nne, tano" kwa mdomo. Hao wote ukiwapanga mstari na kuwaimbisha utasikia sauti moja. Ukiwapima mmoja mmoja ndipo utaona kwamba huyu bado yuko ufukweni na yule ameshafika mjini.

Nikawapima wote kabla ya kuwafundisha upya. Kosa langu la kwanza lilikuwa la vifaa. Nilitumia korosho, kwa kuwa kule kwetu korosho zimejaa kila mahali, nikazileta mbichi na maganda yake. Kombo, kwa kutaka kujua, akaing'ata moja. Mnajua wenyewe utomvu wa ganda la korosho. Mama yake alikuja kabla ya mapumziko, na mtoto nyuma yake midomo imevimba kama ya chewa.

"Mwalimu, nimeleta mtoto asome, umemlisha nini?"

"Hesabu, mama," Mwalimu Ngonyani akajibu kutoka dirishani, na yule mama akacheka asitake, na maneno yakaisha. Tangu siku hiyo nilitumia simbi, yale makombe madogo ya baharini. Simbi haziliwi, hazivunjiki, na pwani wanazitoa bure.

Kati ya watoto wa miaka ile ya mwanzo, aliyenifundisha zaidi alikuwa binti mmoja, Mwanaidi. Kabla ya kufundishwa alikosa kila swali. Nikafundisha, nikampima tena, akakosa kila swali. Tatu na mbili, alisema nne. Nne na tatu, alisema sita. Tano na mbili, alisema sita vilevile. Nikamwendea mwalimu mkuu nimekata tamaa.

"Huyu haingizi kitu," nikamwambia.

"Hebu nisomee majibu yake tena."

Nikamsomea. Akatabasamu. "Anapungukiwa moja kila mara. Mjinga hukosea ovyo, Mwalimu Tatu. Anayekosea kwa utaratibu ana kanuni yake. Itafute hiyo kanuni. Mwambie ahesabu kwa sauti."

Nikamwambia ahesabu kwa sauti. Chini ya kifuu tatu, nje mbili. Mwanaidi akakigusa kifuu, halafu akaishika simbi ya kwanza ya nje akasema "tatu", akaishika ya pili akasema "nne". Akaniangalia kwa furaha. Kumbe mtoto alikuwa ameshavuka nusu ya safari! Alijua kwamba hana haja ya kuanza moja. Ila alianzia palepale pa tatu badala ya kuanzia panapofuata.

"Mwanaidi," nikamwambia, "tatu amelala humu ndani. Usimwamshe. Anza na anayefuata."

Akanikazia macho. "Amelala vipi, mwalimu, nawe upo hapa?"

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Lakini alielewa. Baada ya hapo nilipompima, alikuwa akiweka kidole mdomoni kumnyamazisha yule aliyelala, kisha anasema "nne, tano". Nami nikajifunza jambo ambalo nimelirudia kwa walimu wadogo mpaka wameninunia: msiandike tu kwamba amepata au amekosa. Andikeni alifanya nini.

Na jambo lingine. Unapompima mtoto baada ya kumfundisha, tumia kifuu kilekile na mkeka uleule, lakini badilisha namba. Watoto wa kwetu wana vichwa vya chuo cha Kurani. Ukiwauliza mara mbili swali lilelile watalihifadhi na vituo vyake.

Miaka ikaenda hivyo, halafu vikaja vijiji vya ujamaa. Watu waliokaa mbalimbali kwenye mashamba yao wakaambiwa wasogee wakae pamoja, nyumba zipangwe mistari. Wakahama na kuku na vinu na milango yao. Minazi ikabaki ilikokuwa, maana mnazi hausikii mkutano. Pamoja na hilo likaja agizo kwamba kila mtoto aende shule, na sisi walimu tukalipokea kwa mikono miwili mpaka tulipofungua mlango asubuhi tukaona waliosimama nje. Wengine walikuwa warefu kunizidi. Wengine walikuja wamebeba wadogo zao mgongoni, na hao wadogo nao wakitaka kuandikishwa. Nikawa na darasa la asubuhi na darasa la mchana, na bado wengine walisomea chini ya upenu.

Kati ya hao walikuwamo watoto wachache wa dago, yaani ile kambi ya wavuvi waliotoka pwani za kusini, wanaofuata samaki mpaka maji ya Shungimbili na kurudi kwao msimu ukiisha. Wengi wa wavuvi hao huja peke yao. Lakini mmoja, Bwana Saidi, alikuja na mkewe na binti yake, Somoe, naye akamleta shuleni mwenyewe, amemshika mkono, amevaa kanzu kama aliyekwenda sala ya Ijumaa.

"Salaam alaikum, mwalimu. Nimesikia watoto wote."

"Alaikum salaam. Wote, Bwana Saidi."

"Hata wa kuja?"

"Hata wa kuja."

Somoe aliingia darasani, akaketi, na asinene neno tena. Nilimpima kabla ya kumfundisha, kama wote. Nikaweka simbi, nikafunika, nikauliza. Alikikodolea macho kifuu, midomo ameifunga. Nikafundisha. Nikampima tena. Kimya. Hata kidole hakikucheza. Wenziwe waliniambia, "Mwalimu, huyu bubu."

Jambo hili lingekuwa langu na lake tu, lau si nafasi. Kamati ya shule iliona kwamba ukumbi mmoja hauwezi kuwabeba wote, ikakata shauri: ambao mpaka mwisho wa muhula hawajaweza hesabu za mwanzo wangoje mwakani. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Athumani, alikuwa mtu wa haki, na hakupenda neno hilo, lakini hakuona lingine. Waliobaki nyuma walikuwa watoto watatu, na Somoe ndiye wa kwanza kutajwa. Kwa mtoto wa kijijini, mwakani ni mwakani. Kwa mtoto wa dago, ambaye wazazi wake hawajulikani mwakani watakuwa pwani gani, na tena mtoto wa kike, mwakani maana yake hakuna. Na mimi ndiye niliyetakiwa kusema kama ameweza au hakuweza.

Jumamosi nikaenda dagoni. Bwana Saidi alikuwa anashona nyavu, mkewe anageuza samaki wa ng'onda juani. Nikawauliza kama mtoto ana maradhi ya ulimi.

"Ulimi?" Mama yake aliangua kicheko. "Mwalimu, huyu hapa hatuli kwa maneno yake. Jana kamwambia babake kwamba nyavu kaipiga fundo vibaya."

"Na kweli nilikuwa nimeipiga vibaya," Bwana Saidi akasema.

Somoe mwenyewe alikuwa amejificha nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Nilisikia anaongea na paka. Nilipozunguka upande ule, akanyamaza.

"Wakimwambia angoje," Bwana Saidi akaniuliza polepole, mkono unaendelea na sindano ya nyavu, "utakuwa umemwambia wewe?"

"Nitaulizwa mimi."

"Basi niambie mapema, mwalimu. Nimwambie mwenyewe. Asiambiwe mbele ya watu."

Nilirudi na maneno hayo yamenikaa kifuani. Somoe alikuwa na maneno tele. Kwa nini hayakufika darasani? Jumatatu, wakati wa mapumziko, badala ya kwenda ofisini kunywa uji na wenzangu, nilisimama upenuni nikatazama. Wasichana walikuwa wamechimba kishimo mchangani, wanacheza mdako: unarusha kokoto moja juu, na kabla haijashuka unazoa nyingine kutoka shimoni. Somoe alikuwa pembeni, anatazama tu, lakini vidole vyake vilikuwa vinafungua na kufunga.

Nikakaza kanga kiunoni, nikaketi chini. "Nipisheni, na mimi nicheze. Nani atacheza na mimi? Somoe, njoo."

Mwalimu kukaa chini kucheza mdako lilikuwa jambo la kuitana. Shule nzima ikatuzunguka. Mwalimu Ngonyani alitoka na kikombe chake, akatutazama, akarudi ndani, nami nikajua kwamba ruhusa nimepewa.

Somoe alicheza kama aliyezaliwa na kokoto mkononi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuzeeka magoti, yeye ananyakua. Alikuwa na kokoto zake tano pembeni. Akarusha, akazoa nne kwa mpigo mmoja, akazimwaga juu ya zile tano. Halafu akazitazama, akakunja uso, akazitazama tena.

"Nilikuwa na tano, nimezoa nne," akasema, kwa sauti kali ya mtu aliyedhulumiwa. "Kenda. Hapa mna nane. Mwalimu, moja umeikalia!"

Nikainuka. Kweli, kokoto ilikuwa imenasa kwenye pindo la kanga yangu. Hakuhesabu moja moja, hakugusa kitu. Tano na nne alikuwa nazo kichwani zimekwisha kujumlika, akaona upungufu kwa kutupa jicho.

Lakini kabla sijasema neno, kundi lote likalipuka. "Kenda! Kenda! Kasema kenda!" Na Somoe akafunga mdomo, kama mlango uliopigwa komeo.

Hapo ndipo nilipoelewa, na baadaye watoto wenyewe wakanisimulia. Siku ya kwanza ya shule, mimi sijafika darasani, aliombwa na wenziwe ahesabu, akahesabu kama alivyofundishwa na nyanya yake: mosi, pili, tatu, mpaka kenda, kumi. Wakamcheka, wakampa jina. Tangu hapo akaona kwamba hesabu za shule zina maneno yake, na yake yeye hayatakiwi.

"Mnacheka nini?" nikawauliza.

"Anasema kenda, mwalimu!"

"Nyumbani kwa bibi yangu kule Chole hapakuwa na tisa. Palikuwa na kenda. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa kenda, na mnaniona nimekua. Kenda ndiyo tisa, ila imetangulia kuzaliwa. Leo kila mtu akaulize kwao, aje na neno la zamani la kuhesabia. Asiyeleta hachezi mdako."

Kesho yake wakaja na maneno, wengine wamelishika lao njia nzima wasilisahau. Mosi na pili zilikuwa nyingi. Kenda walikuja nayo wengi mno, na kwa aibu kidogo. Mmoja akaja na fungate, kwamba bibi yake kasema ndiyo saba, na akataka nieleze harusi inahusiana vipi na hesabu. Nikamwambia hilo ni la darasa la juu. Somoe aliketi mbele siku hiyo. Wenziwe walimwomba ahesabu, akahesabu, na wakamfuatisha.

Mkutano wa kamati ulifanyika palepale darasani, mchana, watu wazima wamekunja magoti kwenye viti vya watoto. Nilisema kwamba sitatoa jibu langu. Nitampima mtoto mbele yao, na namba atachagua Mzee Athumani. Bwana Saidi alikuwapo, ameketi karibu na binti yake, kofia ameivua ameishika.

Mzee Athumani akahesabu simbi sita, akazifunika kwa kifuu kwa uangalifu mkubwa kama anayefunika wali. Akaweka tatu nje. "Haya, binti. Zote ngapi?"

Somoe akakikodolea macho kifuu. Mtu mmoja akakohoa. Mjumbe wa kamati akaanza kuitazama saa. Nikajizuia nisimwambie neno, maana, kama nilivyokwisha kusema, kunyamaza ndiyo kazi. Somoe akanigeukia mimi.

"Mwalimu, niseme la nyumbani au la shule?"

"Sema yote mawili."

"Kenda," akasema. "Tisa."

Mzee Athumani aliegemea nyuma mpaka kiti kikalia. "Kenda! Tangu alipofariki mama yangu sijalisikia tena neno hili likisemwa na mtoto." Akafurahi, na kwa kufurahi akataka kumtania. "Haya basi, binti, na kenda na tisa je?"

Watu wakacheka, maana hilo halikuwa swali la darasa la kwanza. Lakini Somoe hakucheka. Alinyoosha vidole vyake kumi, akavitazama, akaona havitoshi. Akamgeukia baba yake. "Baba, lete mikono."

Bwana Saidi akaweka kofia chini, akatoa mikono yake iliyojaa makovu ya kamba. Somoe akakunja vidole viwili vya baba yake, kwa uthabiti, kama anayefunga mlango, akaviangalia vilivyobaki. "Kumi na nane."

Mwalimu Ngonyani ndiye aliyepiga makofi wa kwanza. Kamati ikaandika kwamba Somoe abaki. Na wale wawili wengine? Mzee Athumani mwenyewe ndiye aliyeuliza, nami namsifu kwa hilo mpaka leo. "Kama huyu alikuwa na hesabu na hatukujua, hao je? Wapimwe tena, na mtu wasiyemwogopa." Mmoja tulikuta hasikii vizuri sikio moja, tukamhamisha kiti. Mwingine hakujua hesabu kweli kweli, alikuwa mchanga tu, na alizijua mwaka uliofuata, akiwa ndani ya darasa na si nje yake. Habari ya nafasi ilimalizwa na wazazi. Wanakijiji walikata miti, Bwana Saidi na wavuvi wenzake wakasuka makuti, na pale upenuni likasimama darasa jingine.

Msimu ulipokwisha wavuvi wa dago walirudi kwao. Bwana Saidi alitaka kwenda nao. Mkewe akamwambia, mbele ya watu, kwamba nyavu zinaweza kwenda, yeye na mtoto hawaendi. Bwana Saidi akaomba kiwanja, kijiji kikampa. Somoe alimaliza la saba, akaendelea, na sasa ni muuguzi bara huko. Akija likizo hupita kunisalimu, na huwa hanyamazi.

Nitamalizia na baba yake. Mwaka uleule wa kupewa kiwanja kilianzishwa kisomo cha watu wazima, nami nikapewa darasa la wanaume, alasiri, baada ya watoto kutoka. Siku ya kwanza walikuja wachache, wameketi nyuma kabisa, kila mmoja akijifanya amekuja kumsindikiza mwenzake. Nikasema nitawapima kwanza, mmoja mmoja, kila mtu nijue yuko wapi. Wakatazamana. Bwana Saidi ndiye aliyeinuka.

Nikamketisha mkekani. Nikaweka simbi saba, nikafunika, nikaweka tano nje.

"Kumi na mbili," akasema, kabla sijaondoa mkono.

Nikaongeza. Akajibu. Nikaongeza tena, nikachanganya, nikamwuliza makumi kwa makumi, na kila mara jibu lilikuwa mdomoni mwake linaningoja. Kisha nikachukua kibao, nikaandika namba moja tu, nikamwuliza, "Hii ni ngapi?"

Akaitazama muda mrefu. "Hiyo siijui," akasema. "Naijua ikisemwa. Ikiandikwa hatujaonana."

"Vizuri. Basi sasa najua ulipo."

"Na mimi je, nikishafundishwa utanipima tena?"

"Nitakupima tena."

"Lini?"

"Mpaka nikufundishe kwanza, Bwana Saidi."

Akakunja mikono ya kanzu, akajiweka sawa mkekani, akasogeza kibao karibu yangu. "Basi fundisha, mwalimu," akasema. "Maji yanakupwa, na mtumbwi haungoji."